Aulizwe Bwana Saa

Fundi alikuwa ameshamaliza kisigino, na sasa alikuwa anakuna upande wa ndani wa wayo kwa tupa, taratibu, akipuliza unga wa mbao na kupapasa kwa kidole gumba kabla ya kukuna tena. Wayo ulikuwa umebanwa kwenye jiriwa, sehemu ya vidole ikiwa bado pande moja la mti lisiloguswa. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Kwenye rafu ya karakana kulikuwa na nyayo za mpira za miguu ya bandia zilizotoka kiwandani, za kila saizi ambayo watu wa kiwandani waliamini binadamu anaweza kuwa nayo, lakini hakuna hata moja iliyoukaribia mguu huu. Ndiyo maana aliomba kiatu cha zamani cha mgonjwa, akakipima ndani na nje, akatafuta mti mwepesi uliokauka vizuri, akaanza kuchonga mwenyewe.

Mgonjwa mwenyewe hakuwa amekatwa mguu bado. Alikuwa amelala wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua wa hospitali, na miguu yake yote miwili, na kila daktari alipofika kitandani kwake kuomba idhini alifumba macho akajifanya amelala.

"Mjomba, unachonga nini?"

Fundi aliacha kukuna. Mlangoni alisimama binti wa mgonjwa, mshonaji wa sare za shule, nyuzi za bluu zimemganda kwenye gauni. Fundi alitaka kuufunika ule wayo kwa kitambaa, akaona umeshaonekana.

"Nachonga mapema," alisema. "Mti hautaki haraka."

Binti aliingia, akaugusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima pasi kama imepata moto.

"Wa baba?"

"Wa baba."

"Kwa hiyo wewe una hakika atakubali."

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa jibu kabla hajaligeuza pande zote. "Jana aliniuliza kitu," alisema. "Aliniuliza mtu aliyevaa haya madude yangu anaogaje. Anasimama, au anakaa kwenye kigoda. Mtu akianza kuuliza habari za kuoga, mwanangu, ameshaanza safari. Tumwache atembee mwenyewe kidogo."

"Atembee mpaka lini? Daktari ameniita leo. Amesema donda la mguu wake limeoza na linapanda. Akikubali sasa hivi watakata chini ya goti. Akiendelea kufumba macho, goti nalo linakwenda. Na baada ya goti..." Aliketi kwenye kigoda cha wagonjwa, akashika tama. "Mjomba, baba haogopi kisu. Anaogopa jina. Anaona siku akitoka hapa na gongo, watu watasema, tazameni yule kiwete, eti zamani alikuwa anacheza mpira. Akijua kwamba jina lake haliondoki na mguu, atakubali. Na hilo jambo wa kumwambia ni mmoja tu."

Fundi alijua anakoelekea. Aliichukua tupa, akaanza kuisafisha meno yake kwa brashi ya waya.

Baba wa binti huyu, enzi zake, aliitwa Mlingoti. Alicheza mpira wa kikapu katika timu ya reli, akasimama chini ya goli miaka mingi, na mpira uliopotea hewani ulikuwa wake. Baada yake alikuja Kipanga, mfupi, mwepesi, mkali wa mitupo ya mbali, ambaye alianza msimu ule ule Mlingoti alipokuwa anamalizia. Tangu wakati huo mji mzima ulikuwa umegawanyika. Kwa vinyozi, kwenye foleni za maji, misibani, watu waligombana nani alikuwa mkubwa zaidi. Na kila ubishi ulipokwama, mtu mmoja alisema: aulizwe Bwana Saa.

Bwana Saa ndiye Fundi. Kabla hajajifunza kuchonga miguu, tena kwa kutazama mikono ya wenzake na kuharibu mbao nyingi, alikuwa anakaa kwenye meza ya waamuzi kila Jumamosi akishika saa ya mchezo. Aliwaona wote wawili kutoka mahali pamoja. Hakuwahi kushangilia, maana aliyeshika saa haruhusiwi. Na alipoulizwa, mwaka baada ya mwaka, jibu lake lilikuwa lile lile: "Sijaamua bado." Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Wengine walikuwa wanamuuliza ili tu walisikie hilo "bado."

"Mwambie ni yeye," binti alisema. "Nakuomba. Neno moja tu."

"Na kama siyo yeye?"

Binti alimtazama kana kwamba amemtukana. "Kipanga ameshakufa, mjomba. Atapungukiwa nini?"

* * *

Wodi ilikuwa na vitanda katika safu mbili na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu ya chini. Kitanda cha Mlingoti kilikuwa kimeongezewa meza ndogo miguuni, na mto juu yake, kwa sababu kitanda cha hospitali kilimwishia kwenye mashavu ya miguu. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi karibu na goti. Muuguzi alikuwa amefungua dirisha, lakini harufu haikutoka yote.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Dereva, aliyevunjika paja lori lilipomlalia, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Hakuwa na pa kwenda, na mdomo ndio uliomtembeza.

"Mimi nasema hivi, mzee wangu," Dereva alikuwa anasema Fundi alipoingia na binti. "Urefu siyo kipaji. Hata nguzo ya umeme ni ndefu. Umewahi kuona nguzo ya umeme imepewa kombe?"

Wagonjwa wa upande wa pili walicheka. Mlingoti hakugeuza kichwa.

"Nguzo ya umeme ukiigusa unakufa," alisema. "Waulize walionigusa."

"Sawa, sawa. Lakini mlikuwa mnacheza kwenye saruji, na viatu vya turubai, na watu waliotoka kazini wamechoka. Nyinyi mlicheza na wapagazi! Kipanga alicheza ukumbini, kwenye sakafu ya mbao, na watu waliofanya mazoezi asubuhi na jioni. Ungewekwa wewe pale, ungeona ule mstari wa pointi tatu ungeuliza, samahani, hapa ndipo tunapoegesha baiskeli?"

Hapo hata Mlingoti alicheka, kifua kikamtikisika, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Mtoto huyu hana adabu," alisema. "Mstari hatukuwa nao, kweli. Na mpira ukinyeshewa ulikuwa mzito kama tofali. Huyo Kipanga wako angeurusha kutoka huko mbali ungemrudia usoni. Kila mtu na enzi yake. Lakini ukichukua nyundo ya enzi yoyote, ni nyundo. Mimi nilikuwa nyundo."

"Na siku hizi kuna wale wa kwenye televisheni," alidakia mgonjwa mmoja, "wanaoruka mpaka wanalikalia goli."

"Wale wa mbali waache huko huko," alisema Dereva. "Tunazungumza watu tuliowaona wakinunua mkate. Ah! Si huyu hapa Bwana Saa! Haya, mzee, leo hutoki. Umeamua, au bado?"

Wodi ilinyamaza ikingoja kucheka. Binti alikuwa amesimama nyuma ya Fundi. Fundi alihisi pumzi yake shingoni. Mlingoti aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na yalikuwa na homa.

Fundi alimtazama Mlingoti. "Nimeamua," alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Ni Mlingoti."

Wodi ikalipuka. Waliokuwa na mikono mizima walipiga makofi, waliokuwa na mkono mmoja walipiga vyuma vya vitanda. Dereva alijipiga paji la uso. "Nimekwisha! Nimekwisha jamani, nitafutieni muuguzi!" Mlingoti alimtazama Fundi muda mrefu. Machozi yalimshuka kwa upande yakaingia sikioni, wala hakuyafuta.

"Saa," alisema. "Miaka yote hiyo, Saa."

Fundi alimbonyeza bega akaondoka haraka. Uani binti alimfuata mbio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

* * *

Kesho yake asubuhi binti hakuingia karakana. Alisimama nje ya dirisha.

"Amekataa."

Fundi aliweka patasi mezani.

"Jana alifumba macho. Leo ameyafungua," alisema binti. "Amemwita daktari mwenyewe, mbele ya wodi nzima. Amesema, 'Umesikia alichosema Saa? Basi mtu aliye mkubwa kuliko wote haachi mguu wake kwenye ndoo ya hospitali. Nitazikwa nilivyozaliwa.' Na wamempigia makofi, mjomba. Yule mjinga wa lori ndiye wa kwanza." Alishika fremu ya dirisha. "Tumemvika taji, sasa hataki kulivua."

"Lile swali la kuoga..."

"Hataki kusikia. Muuguzi amemwambia habari ya mguu wa bandia, amemwambia huo wampe nguzo ya umeme."

Binti alikwenda kukaa na baba yake. Fundi alibaki na patasi mbele yake na hakuigusa. Alijaribu kupima kosa kama anavyopima kila kitu, limeanzia wapi, limekwenda upande gani. Hakupata mahali pa kulibana. Mtu alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea mlangoni, naye alimshika mkono akamrudisha kitandani kwa neno tamu.

Mchana daktari wa upasuaji, mwanamke asiyependa maneno mengi, alipita karakana kuchukua magongo ya mgonjwa mwingine. Fundi alimuuliza.

"Goti limeshaondoka," alisema daktari. "Jana ningeliokoa. Sasa naomba paja. Na homa ikiingia kwenye damu sitaomba tena kitu." Aliutazama wayo kwenye jiriwa. "Wa kwake huo?"

"Wa kwake."

"Hmm," alisema daktari, akachukua magongo yake akaenda.

Fundi alinawa mikono. Alivua aproni, akaitundika, akavuka ua.

Ilikuwa saa ya wagonjwa kupumzika. Dereva alikuwa anakoroma. Binti alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea godoro, amelala. Mlingoti alikuwa macho, midomo imekauka.

"Saa," alinong'ona. "Umekuja kumtazama mkubwa wako."

Fundi alivuta kigoda, akaketi karibu na kichwa chake ili asilazimike kupaza sauti.

"Jana nilikudanganya," alisema.

Mlingoti alitabasamu, akidhani ni utani.

"Ni Kipanga. Niliamua zamani sana, msimu wake wa pili. Ile 'bado' ilikuwa ya kukwepa ugomvi tu."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Ili ukubali kukatwa."

"Na sasa?"

"Sasa nakwambia kweli, kwa sababu ile ile."

Mlingoti alitazama dari. "Sema, basi. Kipanga alinizidi nini? Pointi nilifunga nyingi kuliko yeye."

"Ulifunga nyingi."

"Mipira ya kurudi hakuna aliyenikaribia."

"Hakuna." Fundi aliweka mikono yake magotini. "Kaka, mimi nilikuwa nakaa mezani. Wengine walikuwa wanatazama mpira. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimamisha saa mtu akitoka na kuiachia akiingia, kwa hiyo nilikuwa natazama wanaotoka. Wewe ulikuwa unacheza vizuri sana dhidi ya wafupi. Timu ya bandari walipomleta yule jamaa mrefu kama wewe, ulicheza kidogo, ukashika kifundo cha mguu, ukaomba kutoka. Waliporudi mara ya pili, ukashika kifundo. Fainali na wale wa jeshi, ukashika kifundo. Mimi ndiye niliyesimamisha saa."

"Kifundo kilikuwa kinauma kweli."

"Huenda. Siwezi kujua kifundo cha mtu mwingine. Nakwambia nilichoona. Kipanga alikuwa anapigwa kikumbo mpaka anaanguka kwenye miguu ya meza yangu. Timu yake ilikuwa imeshafungwa, watu wameshaanza kutoka ukumbini, yeye anainuka anaomba mpira. Sikumsimamishia saa hata siku moja. Ndiyo hesabu yangu. Siyo nani alikuwa mrefu wala nani alikuwa na mstari wa pointi tatu. Nilimtazama nani anabaki uwanjani."

Kitanda kililia. Mlingoti alikuwa amejiinua kwa kiwiko, uso umemjaa jasho, na kwa muda mfupi mwili ule mkubwa ulisimama juu ya Fundi kama zamani.

"Toka," alisema.

Binti alishtuka usingizini. "Baba? Kuna nini?"

"Mtoe huyu mtu. Sitaki kumwona. Ametunza hilo tumboni miaka yote, anakula nyumbani kwangu, ananisalimia njiani, kumbe ananihesabia. Toka!"

Fundi aliinuka, akarudisha kigoda mahali pake. Alipofika mlangoni wodi nzima ilikuwa imeamka na inamtazama.

* * *

Jioni ile Mlingoti alitoa idhini. Hakutoa sababu. Muuguzi alisema alimwita daktari, akamwambia, "Haya, chukueni," akageukia ukuta. Asubuhi walimkata, juu ya goti.

Fundi alingoja kidonda kikauke. Alipokutana na binti uani walisalimiana, "Shikamoo mjomba," "Marahaba mwanangu," wakapitana. Hakujua kama amesamehewa au kama anashukuriwa. Hakuuliza. Ule wayo alishauchonga vidole na kuupiga msasa; sasa palihitajika goti, na kwa goti ilibidi apate urefu wa mguu uliobaki, kutoka goti hadi sakafuni. Siku ile ilipofika alichukua utepe na penseli akavuka ua.

Mlingoti alikuwa ameketi kitandani, nyama zimemtoka mwilini. Shuka upande wa kulia lilikuwa limelala bapa. Alipomwona Fundi aligeuza uso, lakini mguu wa kushoto aliutoa nje ya shuka, akaushusha sakafuni. Fundi alipiga magoti.

"Dereva," Mlingoti aliita, macho yakiwa ukutani.

"Naam, mzee."

"Mwambie huyo mtu, Kipanga alikuwa anavuta jezi."

Dereva, ambaye mguu wake ulikuwa bado unaning'inia, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Bwana Saa, mzee anasema Kipanga alikuwa anavuta jezi."

"Mwambie najua," alisema Fundi, akinyoosha utepe. "Mwamuzi ndiye hakuona."

"Anasema anajua, mzee. Mwamuzi ndiye hakuona."

"Mwambie basi hiyo aiweke kwenye hesabu yake."

"Mwambie niliiweka."

"Jamani, mimi sasa ni simu au mgonjwa?" alisema Dereva. Hakuna aliyecheka. Lakini Mlingoti alipumua kwa pua, pumzi fupi, na Fundi, aliyemjua kwa muda mrefu, alijua hiyo ilikuwa ni nini.

Alishusha utepe hadi kwenye kisigino. Akaandika. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kupima mara mbili, akaushusha tena, na safari hii aliunyanyua mguu kidogo ili utepe upite chini ya wayo. Ndipo alipoona. Katikati ya kidole kidogo na kinachofuata kulikuwa na doa, dogo, jeusi kama tone la wino, na ngozi iliyolizunguka iling'aa. Alivitenganisha vidole taratibu. Harufu ilikuwa ndogo, lakini alikuwa ameshaijua.

Aliinua macho. Mlingoti alikuwa ameacha kutazama ukuta. Alikuwa anamtazama yeye.

"Umeliona," alisema Mlingoti, kwa sauti ya chini, moja kwa moja, bila Dereva.

"Nimeliona. Lina siku ngapi?"

"Sijui. Halina maumivu. Nilidhani ni uchafu." Alikitupia jicho kitanda cha Dereva. "Saa. Usiseme."

Fundi alikuwa bado ameushika mguu. Ulikuwa mzito, na wa baridi kuliko ulivyopaswa kuwa. Angeweza kusema, 'Haya.' Angeweza kusema, 'Tutaona.' Kulikuwa na maneno mengi laini na yote yalikuwa karibu.

"Nitamwambia daktari," alisema. "Sasa hivi, nikitoka hapa."

"Na binti yangu?"

"Binti utamwambia wewe. Usipomwambia leo, kesho nitamwambia mimi."

Mlingoti alifumba macho. Fundi alingoja afukuzwe. Hakufukuzwa. Aliurudisha mguu kitandani, akaufunika kwa shuka, akakunja utepe.

Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Fundi alisimama nje ya mlango mpaka muuguzi akatoka, akamweleza: kidole kipi, upande upi, ukubwa gani. Akamtaka arudie. Muuguzi akarudia. Ndipo aliporudi karakana.

Alibana kipande cha mti kwenye jiriwa, akachora mahali pa bawaba ya goti, akaanza kukata kwa msumeno mwembamba. Alikata hadi katikati ya mstari, akasimama. Urefu alioandika ulikuwa wa mguu wa kushoto, ambao huenda nao ungekatwa, na mtu asiye na hata mmoja hutengenezewa miguu ya namna nyingine, mifupi, ya kumweka karibu na ardhi. Alitazama mstari uliobaki. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kupungua, na mlinzi alikuwa anazunguka na funguo akigonga milango.

"Fundi, unafunga?"

"Nafunga."

Aliuacha msumeno ndani ya mti, pale pale ulipoishia, ili kesho aanzie hapo, au auchomoe.